MAFUNJO NA MANYASI YA BUSTANI: PAMBO LITAKALO MIPAKA

Kidimbwi cha maji ni pambo kubwa katika bustani, na kikipandwa mafunjo au manyasi ya majini uzuri wake huzidi. Mabua marefu husimama wima juu ya maji, sura yake huonekana chini kama katika kioo, na upepo upitapo huvuma taratibu kati yake. Kerengende huja kutua, vyura hupata maficho, na ndege huja kutafuta nyuzi za kujengea viota. Kwa sababu hiyo mimea ya namna hii huonekana mbele ya hoteli, katika viwanja vya shule, na hata katika nyua za nyumba za kawaida.

Lakini mimea hii ina tabia moja ambayo apandaye hana budi kuijua kabla hajaingiza mkono topeni: haikai mahali ilipowekwa. Isipowekewa mipaka hula maji yote ya kidimbwi, na pengine huvuka ukingo ikaingia katika mfereji na mto. Basi kazi ya mtunza bustani si kuiotesha tu, kwa maana kuota huota yenyewe. Kazi yake ni kuchagua iliyo mizuri, kuipanda mahali pake, na kuizuia pale pale.

KUITAMBUA KWA VIDOLE

Watu wengi huita kila mmea mrefu wa majini "matete", ingawa mimea hiyo ni ya jamii mbalimbali. Atakaye kuitofautisha na alishike bua kwa vidole. Bua likiwa na pande tatu, kwa kawaida mmea huo ni wa jamii ya mafunjo, ambayo ndiyo jamii ya ndago, lile gugu linalowasumbua wakulima shambani. Bua likiwa la mviringo, laini, lisilo na kifundo hata kimoja, na ndani yake limejaa kiini cheupe chepesi kama sifongo, huenda ni yale manyasi ambayo wataalamu wa mimea huyaita Juncus. Bua likiwa na vifundo kama muwa, na katikati ya vifundo lina uwazi, hilo ndilo tete la kweli, nalo ni ndugu wa mahindi na nyasi za malisho.

Kuna na wa nne, ambao majani yake ni bapa kama upanga, na juu ya bua lake huwa na kichwa cha rangi ya kahawia kilichoshikamana kama nyama iliyochomwa kwenye kijiti. Huo ni Typha. Kichwa chake kikikomaa hupasuka na kutoa sufi jepesi, na kila uzi wa sufi hilo hubeba mbegu ndogo sana. Upepo ukivuma, mbegu hizo huenda mbali kwa maelfu.

MIMEA IFAAYO KIDIMBWI CHA BUSTANI

Mafunjo ndiyo mfalme wa mimea hii. Asili yake ni Afrika, na katika Kenya huonekana kwa wingi kandokando ya Ziwa Naivasha, katika kinamasi cha Yala, na kwenye fuo za Ziwa Victoria, ambako Wajaluo huyaita togo na kuyafuma mikeka. Bua lake huweza kufikia futi 15, na juu yake hukaa shungi la nyuzi za kijani kibichi kama nywele. Ni mafunjo hayo hayo ambayo Wamisri wa kale walitengenezea karatasi. Lakini huko Misri kwenyewe mmea huu ulikaribia kutoweka kabisa, hata katika miaka ya 1960 Mmisri mmoja jina lake Hassan Ragab akaleta miche kutoka Sudan, akaipanda tena katika Mto Nile karibu na Cairo. Mkenya hana haja ya kwenda mbali hivyo, kwa kuwa mmea huo uko nyumbani kwake.

Hata hivyo mafunjo ni makubwa, nayo yataka kidimbwi chenye upana wa kutosha, jua la kutosha, na mahali pasipo na upepo mkali, maana mabua yake huvunjika. Penye jalidi huungua.

Kwa kidimbwi kidogo, afadhali ndugu yake mdogo, yule ambaye majani yake hutawanyika juu ya bua kama mbavu za mwavuli. Wataalamu humwita Cyperus involucratus. Naye ni mwenyeji wa Afrika, hufikia kimo cha futi 3 au 4, na kumzidisha ni jambo rahisi mno. Mtu hukata kichwa cha mwavuli pamoja na bua lake urefu wa kidole, hupunguza majani kwa mkasi yabaki nusu, kisha hukiweka kichwa hicho juu chini katika bakuli la maji. Baada ya wiki chache mizizi myeupe hutokea pale majani yanapokutana, na machipukizi huanza kupanda juu. Kwa njia hii, mche mmoja ulioombwa kwa jirani waweza kutosha bustani nzima bila kununua kitu.

Kwa nyanda za juu penye baridi, Juncus hufaa sana, maana hustahimili baridi kuliko mafunjo. Huota katika kichaka kilichosimama wima, kimo cha futi 2 au 3, na rangi yake ya kijani haififii upesi. Ziko na aina ambazo mabua yake hujipinda kama kizibuo cha chupa, nazo hupandwa kwa ajili ya umbo hilo la ajabu. Mmea huu una historia ya kuheshimika. Katika Uingereza ya zamani, watu maskini walimenya mabua yake, wakakichovya kile kiini katika mafuta ya wanyama, wakapata taa ya bei rahisi. Na huko Japani, hata leo, mabua ya Juncus hufumwa kuwa mikeka minene ambayo watu hukalia na kulalia ndani ya nyumba zao.

Typha ni mzuri kutazama, lakini haufai kidimbwi kidogo. Mbali na mbegu zake zinazoruka, ncha za mashina yake ya chini ni kali, na huweza kutoboa karatasi ya plastiki iliyotandikwa kuzuia maji. Tete la kweli nalo liachwe mtoni na ziwani, kwa kuwa ukubwa na nguvu zake havipatani na bustani.

KWA NINI HUENEA UPESI

Siri ya mimea hii imo chini ya matope. Shina lake halisi halisimami juu, bali hulala na kutambaa topeni, na kila baada ya hatua fupi hutoa bua jipya kwenda juu na mizizi kwenda chini. Mtu aonaye mabua ishirini hudhani ni mimea ishirini, kumbe ni mmea mmoja tu unaotembea.

Jambo la pili ni kwamba ndani ya mabua mna nafasi nyingi za hewa. Matopeni hakuna hewa ya kutosha, na mizizi ya mimea mingine hufa na kuoza humo. Lakini mabua ya mimea hii hufanya kazi kama bomba: huivuta hewa kutoka juu na kuipeleka mpaka mizizini. Ndiyo maana hustawi mahali ambapo hindi au haragwe lingekufa kwa siku chache.

Kujua jambo hilo kuna faida mbili. Kwanza, mtu akipunguza mabua ya mmea aupendao, akate juu ya usawa wa maji, ili bomba la hewa lisizibwe. Pili, akitaka kuua Typha uliojiotea wenyewe, akate mabua yote chini ya maji, na kurudia kila yanapochipuka. Maji huingia katika mabua yaliyokatwa, hewa haifiki mizizini, na mmea hudhoofika hata ukafa.

FUNZO LA GUGU MAJI

Aonaye maonyo haya kuwa ni ya kupita kiasi na alikumbuke gugu maji. Hilo si la jamii ya mafunjo wala manyasi, bali ni mmea uelelao, wenye maua mazuri ya rangi ya zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilienezwa katika nchi nyingi za dunia na watu waliopendezwa na maua yake, wakalitia katika vidimbwi vyao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990 lilifunika Ghuba ya Winam kiasi kwamba wavuvi wa Kisumu na vijiji vya karibu hawakuweza kutoa mashua zao, samaki walikosa hewa, na njia za meli zikazibwa. Mwaka 1997 wadudu aina ya fukusi, ambao chakula chao ni gugu hilo, waliachiliwa katika upande wa Kenya. Gugu lilipungua sana baada ya hapo, lakini halikwisha, na limerudi mara kwa mara mpaka sasa.

Pambo la bustani za watu lilikuwa janga la watu wengine wasiolipanda. Basi kanuni ya kwanza kwa mpenda mimea ya majini ni hii: achague mimea ya kwao kuliko ya kigeni, na asitupe kamwe kipande chochote cha mmea wa kidimbwini katika mto, mfereji au ziwa, hata kama kwake chaonekana kuwa takataka. Kipande cha shina chenye jicho moja hutosha kuanza msitu mpya.

NAMNA YA KUPANDA CHOMBONI

Njia bora ya kuuwekea mmea mipaka ni kuupanda ndani ya chombo, kisha kukitia chombo hicho majini. Karai kuukuu, ndoo ya plastiki iliyokatwa nusu, au beseni lenye upana wa futi 1 na nusu hufaa. Chombo kipana ni bora kuliko kirefu chembamba, kwa kuwa hiki huangushwa na upepo.

Udongo uwe mzito, wa mfinyanzi au wa shambani, usio na samadi. Wengi hukosea hapa. Hudhani kwamba mmea utafurahi ukipewa mbolea nyingi, lakini mbolea hiyo huyeyuka majini, maji hugeuka kijani kwa mwani, na samaki hupata taabu.

Mche huchukuliwa kwa kuligawa shina la chini kwa kisu kikali au panga. Kila kipande kiwe na chipukizi moja au mawili yenye uhai na mizizi yake. Wakati mzuri wa kazi hii ni mwanzo wa mvua za masika. Kipande huwekwa juu juu ya udongo, hufunikwa kidogo, udongo hushindiliwa kwa mkono, na juu yake hutandazwa changarawe unene wa inchi 1, ili udongo usielee wala samaki wasiufukue. Chombo hunyweshwa maji mpaka kilowe kabisa, ndipo kishushwe kidimbwini polepole.

Kina cha maji juu ya udongo hutegemea mmea. Juncus na ule wa mwavuli hutaka inchi 2 mpaka 4 tu. Mafunjo makubwa huvumilia mpaka futi 1. Lakini mche mchanga usizamishwe mara moja. Chombo huinuliwa kwanza juu ya matofali, na mmea ukishapata nguvu tofali moja huondolewa, kisha jingine, hata kifike mahali pake.

BUSTANI YA KINAMASI

Asiye na kidimbwi, au mwenye watoto wadogo anayeogopa maji ya kina, aweza kutengeneza bustani ya kinamasi, yaani mahali penye udongo uliolowa daima lakini pasipo na maji yaliyosimama juu. Hapo Juncus na ule wa mwavuli hustawi vizuri sana.

Huchimbwa shimo la kina cha futi 1 na nusu au 2, kwa upana upendwao. Mawe makali na mizizi huondolewa, kisha hutandikwa karatasi nzito ya plastiki chini na ubavuni. Tofauti na kidimbwi, karatasi hii hutobolewa matundu machache, ili maji ya ziada yapungue polepole na udongo usioze ukanuka. Juu ya karatasi hutiwa kokoto kidogo, kisha udongo hurudishwa. Mahali pazuri ni kando ya tangi la maji ya mvua, pale linapofurikia, au kando ya kidimbwi. Wakati wa kiangazi itapasa kumwagilia, kwa maana kinamasi kikikauka na kupasuka mimea hufa upesi. Ile karatasi yenyewe ndiyo mpaka: ncha zake zionekane inchi 2 juu ya ardhi, na shina lolote litakalopanda na kuvuka likatwe siku hiyo hiyo.

MBU, KONOKONO NA WATOTO

Kidimbwi kisichotunzwa si pambo bali ni hatari. Mbu hutaga mayai katika maji yaliyotulia, na katika joto la kutosha yai huwa mbu arukaye kwa muda wa wiki 1 au 2. Samaki wadogo, kama vile vifaranga vya ngege, hula viluwiluwi vya mbu, lakini hawawezi kuingia mahali mabua yaliposongamana. Humo mbu hulelewa kwa amani. Kwa hiyo mimea isizidi theluthi moja ya uso wa maji, na theluthi mbili zibaki wazi, penye jua na njia ya samaki. Ni dhahiri basi kwamba kuizuia mimea si kwa ajili ya uzuri tu. Ni kinga dhidi ya malaria.

Konokono wa majini wabebao kichocho nao hupenda maji yaliyotulia yenye majani mengi. Ugonjwa huo huingia majini kwa mkojo na choo cha mtu mgonjwa, basi haifai kabisa watoto kuoga au kukojoa kidimbwini, na maji ya mtoni yasitiwe humo ovyo.

Kadhalika, maji ya futi 1 tu huweza kumzamisha mtoto atambaaye au aanzaye kutembea, na mabua marefu humficha asionekane. Mwenye watoto na azungushe ua, au aweke wavu wa chuma imara juu ya maji, au achague bustani ya kinamasi.

Pengine mtu atasikia kwamba mimea hii husafisha maji machafu. Jambo hilo ni kweli kwa kiasi chake. Tangu miaka ya 1950, mtaalamu wa Ujerumani, Käthe Seidel, alifanya majaribio yaliyoonyesha kwamba mimea ya namna hii yaweza kusaidia kuondoa uchafu majini, na siku hizi vinamasi vya kutengenezwa hutumika kusafishia maji taka katika nchi nyingi. Lakini hiyo ni kazi ipimwayo na mafundi. Maji ya kidimbwi cha bustani, hata yakiwa maangavu namna gani, si ya kunywa.

KAZI ZA MWAKA

Bua lililokauka halifufuki tena. Likiachwa huanguka majini na kuoza, na kuoza huko hula hewa ya maji, hata samaki wakaonekana alfajiri wakitweta juu ya maji. Kwa hiyo mabua makavu hukatwa kila mwezi, nayo hufaa kutandazwa kati ya mistari ya mboga ili kuhifadhi unyevu wa udongo. Mashina ya chini yenye macho yasitumiwe hivyo mpaka yaanikwe juani na kukauka kabisa.

Kila baada ya miaka 2 au 3 chombo hujaa mizizi hata hupasuka. Hapo hutolewa majini, mmea hugawanywa, kipande kichanga cha ukingoni hurudishwa katika udongo mpya, na vingine hupewa majirani. Atoaye mche na atoe pamoja na maelezo, maana jirani apewaye mche bila kuambiwa habari ya chombo ataupanda topeni wazi wazi, na baada ya misimu michache hatakuwa na kidimbwi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kukata shina moja lililovuka ukingo ni kazi ya dakika moja kwa kisu. Kulifuata shina hilo baada ya miaka mitatu ni kazi ya watu wanne kwa majembe, wakiwa wamesimama matopeni mpaka magotini. Na likiisha kufika mtoni, hakuna mwenye bustani awezaye kulirudisha. Kwa hiyo kila juma, mwenye kidimbwi na azunguke ukingo wake mara moja akiwa na kisu mkononi.